Simu imekata, imekatika au imekatwa?

SWALI: Mimi ni fundi wa simu za intaneti katika hoteli moja hapa Shela, Lamu. Kwenye daftari la zamu mmoja wetu huandika "simu imekata", mwingine "imekatika", mwingine "imekatwa". Mkubwa wetu asema yote ni mamoja. Ni kweli? Pia tumebandika tangazo: "Tunasikiliza simu hai ili kutatua hitilafu." Wageni wamelalamika. Tumekosea wapi?

JIBU: Si mamoja, ndugu yangu, na tofauti hiyo yakufaa wewe zaidi ya mwalimu wa sarufi. Ukiambiwa kamba ya mashua imekatika, utaitazama kamba yenyewe: imechakaa, imesugua gati. Ukiambiwa imekatwa, utauliza nani alikuwa na kisu. Kiambishi -ik- hakitafuti mtenda. -W- chamjua, hata asipotajwa.

Sasa fungua kumbukumbu za seva. Kwa itifaki ya SIP, yaani kanuni ambazo vifaa hufuata kuanzisha na kufunga simu za intaneti, ambayo toleo lake linalotumika hadi leo ni la mwaka 2002, kila hatua ina ujumbe wake: INVITE ni ombi la kupiga, 180 simu inaita, 200 imepokewa, BYE mazungumzo yamefungwa. Ukiona BYE imetoka kwenye simu ya chumbani, andika "imekatwa na mgeni". Hapo hakuna la kutengeneza. Mtu kamaliza maneno yake, au kachoshwa na ya mwenzake. Lakini pakiti za sauti, yaani vipande vidogo ambavyo sauti husafirishwa kwavyo, zikiwa zaja vizuri, kwa kawaida kama 50 kwa sekunde kila upande, kisha zikatoweka ghafla na BYE haikutumwa na yeyote, hiyo imekatika. Anza na waya, Wi-Fi na umeme.

Kuna neno la nne ambalo hamkulitaja, nami naliona ndilo mnalolihitaji zaidi. Simu yapokewa, watu waanza kuzungumza, na kila ikikaribia sekunde 32 yakufa. Ukitazama, BYE ipo, na imetoka kwa seva. Seva ilituma 200 ikangoja ACK, yaani mpigaji athibitishe kuwa ameipata. ACK haikufika. Seva ikarudia 200, ikarudia tena, hata muda wake wa sekunde 32 ukaisha, ikafunga. Mara nyingi chanzo ni ruta: simu imetangaziwa anwani ya ndani pale ilipotakiwa ya nje, basi ACK ikapelekwa pasipo na mtu. Ukiandika "imekatwa", wa zamu ijayo atadhani mgeni ndiye aliyekata, hatachunguza. Ukiandika "imekatika", atakimbilia waya ulio mzima. Andika "imekatishwa na seva", kama safari iliyokatishwa kabla ya kufika.

"Imekata" siipingi mdomoni, nami huisema. Ila kitenzi kata chataka yambwa, yaani kitu kinachokatwa, na daftarini neno hilo halimwambii msomaji lolote. Vivyo hivyo "mteja": vijana husema fulani "yuko mteja", kwa ajili ya lile tangazo la simu tunalolijua sote, lakini kwa ujumbe wa SIP wa 480 andikeni "hapatikani", na kwa 486 "yuko kwenye simu nyingine".

Tuje kwenye tangazo. "Simu hai" ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Semeni "simu zinazoendelea". Lililowatia wageni hofu ni "tunasikiliza". Ishara na sauti hupita njia mbalimbali: ishara, yaani zile jumbe za kupiga na kufunga, kwa SIP, aghalabu kwenye poti (mlango wa mtandao) 5060, sauti kwa RTP, itifaki ya kubeba sauti, kwenye poti nyingine. Atazamaye SIP peke yake aona nani kampigia nani, saa ngapi, na simu iliishaje. Hasikii hata neno moja. Huko ni kufuatilia. Hata hivyo, nambari na saa za simu za mtu ni taarifa zake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yazihusu. Mkizinasa na pakiti za RTP zisizosimbwa, yaani zisizofichwa kwa msimbo wa siri, sauti yaweza kuchezwa upya, na hapo wageni watakuwa wamelisoma tangazo lenu sawasawa.

Ningeandika hivi: "Tunafuatilia ishara za simu zinazoendelea ili kutatua hitilafu. Mazungumzo hayasikilizwi wala hayarekodiwi." Sentensi ya pili muiweke ikiwa ni kweli tu.