Kabla ya kumlaumu mteja, kagua kikoa chako

Kwa wiki tatu nilidhani wateja wangu wananikwepa. Ankara naituma, kimya. Nakumbusha, kimya. Mpaka mmoja akanipigia simu kuuliza mbona simpelekei ankara. Nikamwomba atazame kwenye spamu, akazikuta zote nne.

Kosa lilikuwa langu, kwenye mipangilio ya kikoa changu (jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani), na nililiona ndani ya dakika mbili nilipojitumia barua pepe kwenye akaunti nyingine nikafungua ujumbe wa asili, ule wenye vichwa vyote vya kiufundi. Tafuta mstari unaoanza na Authentication-Results. Wangu ulisema spf=permerror, yaani rekodi yangu ya SPF ina kosa na haiwezi kutumika. Usiridhike na alama ya kijani kwenye paneli ya kampuni inayohifadhi tovuti yako. Yangu ilikuwa kijani muda wote huo. Anayejua ukweli ni seva inayopokea.

SPF ni rekodi ya TXT (maandishi tu) kwenye DNS, daftari la mtandao la vikoa, inayotaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina la kikoa chako. Kikoa kinaruhusiwa kuwa nayo moja tu. Mimi nilikuwa nayo ya huduma ya barua pepe, kisha nilipojiunga na huduma ya kutuma jarida nikaambiwa "ongeza rekodi hii", nikaongeza kama nilivyoambiwa:

v=spf1 include:spf.example.com ~all
v=spf1 include:jarida.example.net ~all

Kila moja peke yake ni sahihi. Zikikaa pamoja, hakuna inayohesabiwa. Dawa ni kuziunganisha:

v=spf1 include:spf.example.com include:jarida.example.net ~all

Angalia pia usizidishe include, yaani agizo la kusoma orodha ya huduma nyingine. SPF inaruhusu maulizo 10 tu ya DNS, na include moja inaweza kuficha nyingine tatu ndani yake. Ukivuka hapo, unarudi kwenye permerror ileile.

DKIM, yaani saini ya barua, ilinisumbua kidogo tu: ufunguo wake wa biti 2048, unaowekwa nao kwenye DNS, ni mrefu kuliko herufi 255 zinazoingia kwenye kipande kimoja cha TXT, na paneli yangu iliukata mwishoni bila kusema neno.

Kilichonichanganya kweli ni DMARC, rekodi inayomwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyothibitishwa. Jarida langu lilionyesha dkim=pass na bado dmarc=fail! Kumbe saini ilikuwa ya kikoa cha ile huduma, si changu. DMARC haitosheki na saini halali. Inataka SPF au DKIM, angalau moja, ipite kwa kikoa kilekile anachokiona msomaji kwenye From. Ilinibidi niingie kwenye mipangilio ya huduma hiyo niwashe saini ya kikoa changu. Kwenye DMARC anza na p=none (usizuie kitu), weka rua (anwani yako) ili upokee ripoti, na usikimbilie p=reject (kataa barua) kabla hujazisoma. Kuiacha DMARC kabisa si jambo la kujaribu ukiwa mtumaji mkubwa: tangu Februari 2024, Google inaidai kwa anayetuma barua 5000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail.

Rekodi yangu ilikuwa na TTL (muda ambao seva nyingine hukumbuka rekodi ya zamani) ya sekunde 3600, kwa hiyo nilisubiri saa nzima ndipo nikajitumia tena. Pass, pass, pass. Yule mteja alilipa jioni hiyohiyo. Wengine wawili, niliokuwa nimeshawaandikia maneno makali, niliwapigia kuwaomba radhi kwanza.