Wasomaji Wanauliza: Mlima Unamsaidiaje Mwandishi?

*Shikamoo Mama. Nimesoma riwaya zako, na zote zinatokea Uru au Moshi mjini. Mimi ni wa Ngaramtoni, nataka kuandika riwaya ya kwetu. Kila nikianza, ukurasa wa kwanza naeleza Mlima Meru unavyopendeza asubuhi, wa pili naeleza mawingu, wa tatu nakwama. Wewe Kilimanjaro ulikusaidiaje?*
Msomaji, Ngaramtoni, Arusha

Marahaba mwanangu. Nilipokulia mimi, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa haionekani. Uru juu ni migomba mitupu, chini yake mikahawa, na juu yake miringaringa imefunika anga. Anayetaka kuuona mlima vizuri ateremke Moshi mjini, au afike kabisa kwenye mashamba ya miwa ya Arusha Chini, na awahi alfajiri kabla haujajifunika. Sisi tuliokaa mgongoni mwake tuliujua kwa baridi, kwa mteremko na kwa maji.

Kwa kuwa majani yanaficha kila kitu, mtu akija kwenu unamsikia kabla hujamwona: kikohozi chake, ndala zinavyopiga tope, anavyomkemea mbuzi njiani. Ndiyo maana wahusika wangu huanza kusema kabla sijaeleza sura zao. Mhariri wangu wa kwanza alilalamika kwamba hawaoni watu, anawasikia tu. Nikamwambia aje Uru mwezi wa nne.

Halafu kuna mfongo. Maji yanatolewa mtoni huko juu, yanafuata mfereji uliochimbwa na wazee wa ukoo, yanapita kihamba hadi kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, kila nyumba na zamu yake. Wa juu akiziba usiku, wa chini anaamka maharage yananyauka, na hapo watu waliobatizwa siku moja hawasalimiani tena. Usiku wa kuziba mfongo ndio sura ya nne ya riwaya yangu ya kwanza. Wasomaji hunisifu kwa kubuni ugomvi ule. Nilichobuni ni panga tu.

Na kihamba chenyewe, mwanangu, kimejaa watu. Kwa desturi ya Kichaga kifungua mimba hutafutiwa pa kukaa, kitinda mimba hubaki na nyumba ya baba, wa katikati atajijua, na binti hatajwi kabisa. Mababu wamezikwa humo humo, kwa hiyo kuuza ni aibu kubwa. Mpakani kumepandwa isale, mmea wa kuweka mipaka, na ole wake atakayeling'oa. Kahawa ni mali ya baba, anaipeleka na maganda yake chama cha msingi. Ndizi ni za mama, anabeba mkungu hadi sokoni na hela yake haiulizwi sana. Sasa hesabu ulichopata: mtoto wa katikati anayepanda basi la Dar es Salaam na kinyongo chake, mama mwenye akiba ambayo mumewe haijui, binti anayerudi Desemba na gari lake mwenyewe huku kaka zake wakiangalia matairi. Sikuhitaji theluji.

Kwa hiyo Meru uache kwanza. Urefu wake ni zaidi ya mita 4,500, hautakimbia. Niambie maji ya kwenu yanatoka wapi na nani anayagawa. Nani alipewa shamba lenye mawe, na alinyamaza au alipiga kelele? Ng'ombe wanapita wapi tangu nyumba mpya zilipoziba njia? Ukiwa kitandani usiku, nyumba ya nani unaisikia? Andika kurasa tano za hayo bila kutumia "pendeza" wala "mandhari". Baadaye mlima unaweza kuupa sentensi moja, mtu akiutazama kujua kama mvua inakuja.

*Theluji inakwisha, vihamba vinakatwakatwa, vijana wamehamia mjini. Ninyi waandishi wa huku mtaandika nini tena?*
Mstaafu, Soweto, Moshi

Shikamoo mzee wangu. Ni kweli, barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Lakini maji ya mifongo yetu hutoka zaidi msituni kuliko kwenye barafu, hivyo mimi hunitisha zaidi mlio wa msumeno. Ama kihamba kilichogawanywa mpaka wanandugu wanabishania pa kuchimba kaburi, hiyo ni riwaya kamili, tena nimeshaianza. Wanaolia kwamba hakuna cha kuandika, wengi wao walikuwa wanataka picha ya kalenda.

*Je, ni lazima mwandishi aondoke kwao ndipo aweze kupaandika?*
Mwalimu, Himo

Si lazima, ila wengi imewatokea. Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliondoka Zanzibar kijana mdogo, na vitabu vyake bado vinarudi pwani hii. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alikwenda kusoma Dar es Salaam; riwaya yake *Rosa Mistika*, ya mwaka 1971, inatupeleka Namagondo, huko huko kisiwani kwao.

Mimi ya kwanza niliiandika nikifundisha Lindi. Joto lile lilinifanya nikumbuke hata harufu ya moshi wa kuni mbichi na nani alikuwa anamdai nani debe la ulezi. Ya pili niliiandikia nyumbani Uru na ilichelewa sana, kwa sababu kila jirani aliyepita alisimama mlangoni kuuliza kama yumo. Wengine walileta na ndizi. Niliwaambia wote kwamba hawamo, na wawili walikuwemo.