Maswali na majibu: Ireland na Palestina

Desemba 2025 RTÉ, shirika la utangazaji la taifa la Ireland, lilitangaza kwamba halitashiriki shindano la nyimbo la Eurovision la 2026 kwa sababu Israeli imeruhusiwa kuwemo. Tangu hapo maswali yenu hayajakatika. Nimechagua saba. Yale ya matusi nimeyaacha huko huko yalikotoka.

Mbona Ireland, nchi ya Wazungu tena Wakristo, inawatetea Wapalestina kwa sauti kubwa kuliko hata baadhi ya Waarabu? – Msomaji, Mwanza

Uzungu haukuwafaa sana mbele ya Mwingereza. Kuanzia 1609 ufalme wa Uingereza ulitwaa ardhi ya Waairishi katika jimbo la Ulster na kuwagawia walowezi Waprotestanti kutoka Uingereza na Scotland. Mkenya aliyesimuliwa habari za mashamba ya walowezi kule Nyanda za Juu hahitaji maelezo zaidi.

Kisha ikaja Njaa Kuu, 1845 hadi 1852. Ugonjwa wa ukungu uliozesha viazi, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini. Wakati huo huo nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza. Watu kama milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni wakahama. Sensa ya 1841 ilikuta watu zaidi ya milioni nane. Mpaka leo kisiwa kizima, kaskazini na kusini, hakijarudia idadi hiyo. Kwa hiyo Muairishi anapoona watoto wa Gaza wenye njaa huku malori ya chakula yamepanga foleni mpakani, hadithi hiyo anaijua tangu darasa la kwanza. Waziri mkuu wa Ireland wakati huo, Leo Varadkar, alimwambia Rais Biden jambo hilo hilo Machi 2024 huko Ikulu ya Marekani: kwamba Waairishi wanaiona historia yao machoni mwa Wapalestina.

Jibu hili ndilo utakalolisikia kila mahali, na mimi naona ni nusu tu. Historia hiyo hiyo iliwahi kuwapeleka Waairishi upande wa pili kabisa. Endelea kusoma.

Nimesikia Balfour aliyewaahidi Wayahudi makao Palestina aliwahi kuitawala Ireland. Ni yeye au ni majina tu yamefanana? – Msomaji, Mombasa

Ni yeye. Arthur Balfour alikuwa waziri wa masuala ya Ireland kuanzia 1887 hadi 1891. Septemba 1887 polisi walifyatulia risasi umati uliokusanyika Mitchelstown, kaunti ya Cork, wakaua watu watatu, naye akawakingia polisi kifua. Waairishi wakambandika jina la Balfour Mmwaga Damu. Miaka 30 baadaye, tarehe 2 Novemba 1917, akiwa waziri wa mambo ya nje, akatia saini ile barua ya ahadi kwa Wayahudi.

Hakuwa peke yake katika safari hiyo. Katika vita vya uhuru vya 1919 hadi 1921 Uingereza ilileta Ireland polisi wa ziada walioitwa Black and Tans, wengi wao askari waliotoka Vita Kuu. Walichoma nyumba na kuua raia. Kikosi kilipovunjwa 1922, mamia kati yao waliajiriwa katika polisi ya Uingereza huko Palestina, na mkuu wao wa Ireland, Jenerali Tudor, akaenda kuwaongoza huko pia. Naye Ronald Storrs, gavana Mwingereza wa Jerusalem, aliandika baadaye kwamba Uzayuni ungewajengea Waingereza “Ulster ndogo ya Kiyahudi” iliyo tiifu katikati ya Waarabu wenye uadui. Mfano wa Ireland, basi, haukubuniwa na wanaharakati wa leo. Watawala wenyewe waliutumia.

Na kwa wasomaji wa Eldoret: 1903 serikali ya huyu huyu Balfour, wakati huo waziri mkuu, ndiyo iliyowaahidi Wazayuni eneo la Uasin Gishu. Mkutano wao uliikataa ahadi hiyo mwaka 1905. Wenyeji hawakuulizwa.

Ni kweli kwamba zamani Waairishi waliwaunga mkono Wazayuni? – Msomaji, Kisumu

Wengi, ndiyo. Katika miaka ya 1940 adui wa Wayahudi wenye silaha kule Palestina alikuwa Mwingereza, na kwa mpigania uhuru wa Ireland hilo lilitosha. Yitzhak Shamir, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Israeli, alijipa jina la siri la Michael kwa heshima ya Michael Collins, kamanda wa Waairishi dhidi ya Waingereza. Robert Briscoe, Myahudi wa Dublin aliyepigana katika IRA, jeshi la siri la wapigania uhuru wa Ireland, na baadaye kuwa mbunge, alishirikiana na Jabotinsky, kiongozi wa mrengo mkali wa Wazayuni. Mwaka 1956 huyo Briscoe akachaguliwa meya wa Dublin. Chaim Herzog, rais wa Israeli 1983 hadi 1993 na baba wa rais wa sasa, alizaliwa Belfast akakulia Dublin, ambako baba yake alikuwa rabi mkuu wa Ireland.

Lakini hata enzi hizo palikuwa na mfupa mmoja kooni: kugawa nchi. Uingereza ilikuwa imeigawa Ireland, ikabaki na kaunti sita za kaskazini. Tume ya Uingereza ilipopendekeza 1937 kuigawa Palestina, kiongozi wa Ireland Éamon de Valera alisimama katika Shirikisho la Mataifa kuupinga mpango huo. Ireland haikuitambua Israeli kikamilifu mpaka 1963.

Kilichogeuza upepo ni 1967. Israeli ilipoteka Ukingo wa Magharibi na Gaza, Muairishi aliyezoea kumtafuta mnyonge katika kila ugomvi alimkuta upande wa pili. Historia yake ilikuwa ile ile; aliyekaa katika nafasi ya Mwingereza ndiye aliyebadilika.

Wazee wetu wanasimulia askari wa Ireland waliokuja Katanga na Umoja wa Mataifa. Hao ndio walioko Lebanon? – Msomaji, Lubumbashi

Jeshi ni lile lile, na swali lako linagusa sababu ambayo wachambuzi wengi huiruka. Kongo ndiko Ireland ilikopeleka kikosi chake kikubwa cha kwanza nje ya nchi, 1960. Novemba mwaka huo askari wake tisa waliuawa kwa kuviziwa Niemba, na mwaka uliofuata kombania nzima ya askari wake ikazingirwa Jadotville, Likasi ya leo. Kuanzia 1978 wakaenda kusini mwa Lebanon, na kwa miaka mingi wamekuwa wakipokezana huko. Wamepoteza zaidi ya wanajeshi 40.

Nchi ndogo namna ile, karibu kila kijiji kina mtu aliyewahi kukaa Lebanon. Hao walirudi na habari za walichokiona, si walichosoma gazetini. Aprili 1980 wawili walitekwa na kuuawa na wanamgambo waliopewa silaha na Israeli, na hasira ya nyumbani ilikuwa kubwa. Haki itendeke: Desemba 2022 Muairishi mwingine aliuawa katika eneo lenye nguvu ya Hezbollah. Ni Februari ya mwaka ule ule wa 1980 ambapo waziri wa mambo ya nje, Brian Lenihan, akiwa Bahrain, aliifanya Ireland kuwa ya kwanza katika Jumuiya ya Ulaya kutaka Wapalestina wawe na dola yao.

Nimetembea Belfast. Mtaa mmoja bendera za Palestina, mtaa wa pili za Israeli. Kulikoni? – Msomaji, London

Belfast iko katika zile kaunti sita zilizobaki na Uingereza. Wakatoliki wanaotaka kuungana na Dublin hujiona Wapalestina; Waprotestanti wanaotaka kubaki na London hujiona Waisraeli, watu waliozingirwa na wanaosumbuliwa na magaidi. Mapatano ya Ijumaa Kuu ya 1998 yalimaliza vita vilivyoua watu kama 3,500, ila kuta kati ya mitaa zimebaki. Usizichukulie bendera hizo zote kuwa hoja. Nyingine zinapandishwa ili jirani wa ng'ambo ya ukuta akasirike.

Je, si chuki ya Wayahudi tu iliyovaa joho la haki za binadamu? – Msomaji, Dar es Salaam

Kuipinga serikali ya Israeli si kuwachukia Wayahudi. Lakini anayesema chuki hiyo haijawahi kuwapo Ireland anajidanganya. Mwaka 1904 padri mmoja wa Limerick aliwachochea waumini wasinunue kwa Wayahudi, na baadhi ya familia zikahama mji. Vita Kuu ya Pili ilipowaka, Ireland ilipokea wakimbizi Wayahudi wachache mno. Mei 1945 de Valera alimtembelea balozi wa Ujerumani kutoa pole kwa kifo cha Hitler, na sababu ya itifaki aliyoitoa haikuwaridhisha wengi wala hainiridhishi mimi. Wayahudi walioko leo ni zaidi kidogo ya 2,000. Mwishoni mwa 2025 lilipoletwa pendekezo la kufuta jina la Herzog kwenye bustani moja ya Dublin, viongozi wa serikali wenyewe walilipinga, na baraza la jiji likalirudisha pendekezo hilo kwenye kamati.

Mbali na maneno, wamefanya nini? – Msomaji, Muscat

Mei 28, 2024 waliitambua Palestina pamoja na Hispania na Norway. Desemba hiyo Israeli ikatangaza kufunga ubalozi wake Dublin. Januari 2025 Ireland ikajiunga na kesi ya mauaji ya kimbari ambayo Afrika Kusini iliifungua dhidi ya Israeli kule The Hague.

Kwenye fedha ndipo miguu inapokuwa mizito. Mswada wa kupiga marufuku kufanya biashara na makazi ya walowezi wa Israeli katika ardhi ya Wapalestina uliletwa na seneta Frances Black mwaka 2018. Serikali ilileta rasimu yake katikati ya 2025, tena ya bidhaa peke yake. Mvutano mkali uko kwenye huduma, kwa sababu hapo yanaguswa makampuni ya Marekani, ambayo kodi zao ndizo zinazoijaza hazina ya Dublin. Bidhaa zenyewe kutoka makazi hayo hazikufika hata euro milioni moja katika miaka minne. Wapinzani huuliza: sasa kelele za nini? Wanaharakati huwajibu kwa kisa cha 1984, pale mfanyakazi kijana wa duka moja la Dublin alipokataa kupokea malipo ya matunda ya Afrika Kusini ya enzi za ubaguzi wa rangi. Alisimamishwa kazi, wenzake wakagoma naye karibu miaka mitatu, na 1987 serikali ikapiga marufuku mazao ya Afrika Kusini.