Mama kila siku anaomba nauli arudi kijijini

Dada pole. Umesema mama ana miaka 68, umemtoa kijijini Kongwa ukamleta kwako Ilazo, Dodoma mjini, apumzike, sasa anashinda kwenye kochi na tivii na kila siku anaomba nauli. Mi naona hajachoka huyo, umemnyima kazi tu. Mzee wangu tulimfanyia hivyohivyo, tukamtoa Bahi, dada wa kazi anamletea mpaka maji ya kunawa, miezi minne tu magoti yakagoma, tulivyoshtuka tukampa tuta la mchicha nyuma ya nyumba na kuku sita, saivi saa kumi na mbili asubuhi unamsikia anawafokea kuku kwa Kigogo na fimbo kaiegemeza ukutani hata haikumbuki (na fimbo yenyewe tulimnunulia sisi).

Shirika la Afya Duniani wanasema mtu wa 65 kwenda juu apate angalau dakika 150 za kushughulisha mwili kwa kiasi cha wastani kwa wiki, plus mazoezi ya balansi siku 3. Kupalilia nako ni kushughulisha mwili jamani. Chumvi punguza, ila mlenda na ugali wa mtama muachie.

Macho kampime, wengi tunasema uzee kumbe mtoto wa jicho na anatolewa. Hela ikibana, sera ya wazee ya Tanzania ya 2003 ilisema wa 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure, waulize serikali ya mtaa utaratibu wa sasa wa kitambulisho cha matibabu ya wazee.

Na hiyo nauli mpe bana, aende wakati wa mavuno akae na wenzake, atarudi.