CRP iko juu sana, ndio mapafu yameharibika?

Swali: Dokta shikamoo. Niko wodini kwa mafunzo ya vitendo, tuna mgonjwa wa sepsisi (maambukizi yanayofanya mwili ujidhuru wenyewe) iliyoanzia tumboni, CRP na prokalsitonini, vile vipimo vya damu vya uvimbe na maambukizi, ziko juu mno na mwenzangu anasema hiyo ni dalili mapafu yanaharibika. Kuna kipimo cha damu cha kuonyesha ARDS (mapafu kujaa maji ghafla na kushindwa kupitisha oksijeni) mapema?

Jibu: Marahaba. Mwenzako kachanganya mambo. CRP inatengenezwa na ini, likipata taarifa ya interlukini-6, protini ya kutangaza uvimbe, linaimwaga tu, halijali moto unawaka kwenye kibofu, tumboni au kifuani. Prokalsitonini inakusogeza zaidi kwenye bakteria, lakteti (asidi inayopimwa kwenye damu) ikipita 2 mmol/L ujue hali ya mwili mzima ni mbaya, ila ukiuliza ni kiungo gani zote kimya.

Vya kugusa mapafu vipo lakini. Kati ya hewa na damu kuna kuta mbili, ule wa kifuko cha hewa na ule wa kapilari. Wa hewa ukiumia, protini kama sRAGE na SP-D zinavujia kwenye damu. Wa kapilari una protini ya angiopoietini-2 imewekwa akiba ndani ya seli, sepsisi ikizichokoza seli zinaimwaga na yenyewe inazidi kulegeza maungio, basi maji na protini vinapenya mpaka kifuko kinajaa. Ndio maana sepsisi ya tumboni kama ya huyu wako inayapiga mapafu kupitia upande wa damu na angiopoietini-2 hupanda zaidi, wakati nimonia inaanzia upande wa hewa na SP-D ndiyo inayojitokeza.

Tatizo sasa, kapilari ziko mwili mzima, kwa hiyo angiopoietini-2 ikipanda huwezi kuapa kwamba ni mapafu, inaweza kuwa figo pia zinavuja. Na hakuna namba moja ya kukatia iliyokubalika, hivi vipimo bado ni vya watafiti zaidi kuliko vya wodini. Vigezo vya Berlin vya 2012 vya kutambua ARDS havina kipimo hata kimoja cha protini hizi! Wanaangalia tatizo limeanza ndani ya wiki moja, eksirei ina ukungu pande zote mbili, moyo au maji mengi havitoshi kueleza yote, halafu oksijeni.

Hiyo oksijeni ndio kipimo chako. Tangu 2023 unaruhusiwa kutumia SpO2 (asilimia ya oksijeni inayosomwa na kifaa cha kidoleni), mradi isizidi 97: igawanye kwa sehemu ya oksijeni kwenye hewa anayovuta (asilimia 40 ni 0.4), ikiwa 315 au chini una wasiwasi wa kweli. Mgonjwa ana SpO2 90 kwenye 0.4, hiyo ni 225, huyo usisubiri maabara, muite mkubwa wako na muombe eksirei.

Na ukiandika kwenye faili andika zote mbili, maana "SpO2 94" bila kusema anavuta oksijeni kiasi gani hata mimi sijui nikujibu nini.