Swali la ufahamu: lisome tena neno unalolijua

Wadogo zangu mlioingia kidato cha tatu mwaka huu, kuna swali litakalowafuata hadi mtihani wa taifa wa kidato cha nne: "Eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumika katika habari uliyosoma." Nimesomesha masomo ya jioni na kambi za mitihani hapa Pemba, Wete na Chake, na nililoliona ni hili: mtoto wa Kizanzibari hapotezi alama kwenye maneno magumu. Anazipoteza kwenye maneno anayoyajua tangu utotoni.

Sababu inaeleweka. Sisi tumezaliwa ndani ya lugha. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Mombasa mwaka 1928, na Kipemba ni nduguye. Fahari hiyo ni haki yetu, lakini ndani ya chumba cha mtihani hutufanya tujibu kabla ya kusoma. Jicho likishaona neno la nyumbani, mkono unaandika maana ya kwanza iliyokuja, na yale maneno "kama yalivyotumika" yanarukwa.

Chukua sentensi hii niliyoitunga: "Walipofika katikati ya mkondo bahari ilichafuka, nahodha akaamuru tanga lishushwe, na waliokuwa wakiimba wakaanza kuomba dua." Wapo watakaoandika kuwa ilichafuka maana yake iliingia uchafu. Jibu hilo linafaa kwa nguo. Hapa, jiulize nani anashusha tanga kwa ajili ya takataka? Nani anaacha nyimbo akaomba dua kwa sababu maji si safi? Amri ya nahodha na dua za abiria zinakwambia kuwa mawimbi yamekuwa makubwa na safari imekuwa ya hatari. Maana imo humo humo, hukuhitaji kamusi.

Sasa kuna msaada ambao Kiswahili kinakupa bure, nao ni ngeli. Ukisoma "mbuzi amepotea", tafuta mnyama. Ukisoma "mbuzi imepotea", mtu hana cha kukunia nazi. Paa likivuja ni la nyumba. Paa akikimbia yumo msituni Jozani. Kaa la moto na kaa wa mikokoni wanatenganishwa na herufi moja tu ya kiunganishi. Kwa hiyo kabla hujaandika maana ya nomino, tazama kitenzi na kivumishi chake vimevaa kiambishi gani. Naisisitiza sana njia hii kwa sababu haibahatishi.

Vitenzi ndivyo vyenye kazi zaidi, maana hapo ngeli haikuokoi. "Babu alipanda mkarafuu." Aliutia ardhini au aliukwea? Sentensi yenyewe haisemi, na hata Mpemba aliyelelewa kwenye majamvi ya karafuu hawezi kuapa. Endelea kusoma. Ikifuata "akayafikia matawi ya juu ambayo hayajachumwa", amekwea. Ikifuata "na hakuwahi kuonja faida yake, wajukuu ndio waliochuma", ameutia ardhini. Ndiyo maana nawaambia msisimame kwenye neno lililopigiwa mstari: someni sentensi iliyotangulia na inayofuata, kisha ndipo kalamu iguse karatasi.

Viungo vya sentensi navyo vina kazi. "Yaani" hukuletea maana yenyewe. "Bali", "ingawa" na "tofauti na" hukuonyesha kinyume chake. "Au" iangalieni vizuri, kwani mara hutaja kitu kilekile kwa jina jingine, mara hutaja kitu tofauti kabisa. Misemo nayo ipimwe hivyo hivyo: mzee aliyekula chumvi nyingi hakuuliziwa chakula chake.

Lahaja pia. Kwetu chuoni ni pale mtoto anaposoma Kurani, lakini mhusika aliyetoka chuo akaajiriwa kuwa mhandisi alikuwa kwingine. Na majibu yaandikeni kwa Kiswahili sanifu, hata kama neno la Kipemba linaonekana tamu zaidi.

Ukishapata jibu, lirudishe kwenye sentensi, mahali pa neno la asili. Likikaa bila kuharibu habari, liandike. Hapo utagundua kuwa kitenzi kinataka kitenzi na nomino inataka nomino: "ilichafuka" haijibiwi kwa "mawimbi", inajibiwa kwa "ilijaa mawimbi makubwa". Usilizungushe neno pia. Kusema mchapakazi ni mtu anayechapa kazi hakujaeleza kitu. Sema ni mtu mwenye bidii.

Kwa habari za Kiingereza mambo yanageuka kidogo, kwa kuwa huko neno lenyewe huenda ni geni kweli. Usigande. Soma hadi mwisho wa aya, uamue kwanza kama neno linasifu au linalaumu, kama ni tendo au ni kitu, halafu angalia viambishi vya kukanusha kama un- na dis-. Kisia kwa ushahidi huo, uandike. Nafasi tupu haina alama.

Mazoezi ni rahisi kwa wanaokaa dahalia. Mmoja achukue ukurasa wa gazeti, afiche neno moja katika aya kwa kipande cha karatasi, wenzake wataje linaloweza kukaa hapo. Kila anayetaja aonyeshe kwa kidole ni maneno gani ya jirani yaliyompeleka huko. Asiyeweza kuonyesha, asome aya upya.