Yai kwenye sabuni: weka kiini, ute uache

Swali: Dada, pole na kazi. Nina kama mwaka hivi natengeneza sabuni za miche nyumbani kwa mafuta na kostiki (ile caustic soda, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni), na zinatoka vizuri tu. Juzi nikasema ngoja nijaribu mayai mana nimesikia yanalainisha ngozi, nikapasua mayai mawili mazima nikayamimina kwenye mafuta yakiwa bado ya moto alafu nikaweka maji ya kostiki. Jamani! Zikatokea nyuzinyuzi na vipande vya njano kama mayai ya kuvuruga, na harufu yake hata sijui nikuelezeje. Nimekosea wapi? Na je, sabuni ya yai haiozi?

Jibu: Pole mdogo wangu, na mimi yalinikuta hayo hayo, siku nakata sabuni yangu ya kwanza ya yai kisu kilikuwa kinakwama kwenye vidonge vidogo vya njano, ukivibonyeza kwa kucha vinatoka kama mpira. Sikuirudia mpaka nilipoelewa nini kinatokea mle ndani.

Tatizo lako ni mawili, ute na moto. Ute wa yai karibu wote ni maji na protini, hauna mafuta ya kugeuka kuwa sabuni, sasa ukikutana na joto au kostiki unaganda palepale, ndo hizo nyuzi ulizoona. Kiini ndo chenye mafuta, kimoja kina kama gramu 5 hivi, na ndani yake kuna lesithini, ile inayofanya mafuta na maji yashikamane, ndo mana povu la sabuni ya kiini linakuwa dogodogo na zito kama losheni. Mimi ute siuweki kabisa, naupeleka jikoni.

Kwa mafuta ya gramu 500 kiini kimoja kinatosha, usishawishike kuongeza, ukizidisha unaongeza harufu tu. Mimi napenda mzeituni gramu 250, nazi 150 na mawese 100, kostiki gramu 71 kwenye maji gramu 160. Hapo kuna mafuta kidogo yanayobaki bila kuliwa na kostiki kwaiyo hiyo gramu 5 ya kiini haina haja ya kuipigia hesabu upya. Ila ukibadilisha mafuta hata aina moja tu, hesabu ya kostiki inaanza mwanzo, na kila kitu ni kwa mizani, sio kwa kikombe.

Sasa sikiliza vizuri kuhusu kiini chenyewe. Kile kingozi chembamba kinachokizunguka usikiweke kwenye sabuni, mana hakiyeyuki. Kiviringishe kiini taratibu kwenye kiganja mpaka ute wote uishe, kishike kingozi kwa vidole viwili juu ya kibakuli, kitoboe kwa ncha ya kisu, kiini kitachuruzika chenyewe na wewe utabaki na kingozi mkononi, kitupe. Alafu chukua vijiko viwili vya yale mafuta uliyoyapima, yawe ya uvuguvugu tu, koroga na kiini mpaka visiachane kabisa, na upitishe kwenye chujio la chai.

Maji ya kostiki yanachemka yenyewe ukishakoroga, kwaiyo yaache kwanza yapoe, na mafuta hivohivo, vyote vishuke mpaka nyuzi 38 au chini kidogo. Hapo ndo unachanganya. Ukiona imeanza kuwa kama uji mwepesi, yaani ukidondosha tone linaacha alama juu kabla ya kuzama, mimina kiini chako huku unakoroga. Ukishamwaga kwenye chombo cha kugandishia usiifunike na mablanketi kama ulivyozoea, sabuni inapoiva inapanda joto yenyewe na kiini kitaiva nacho, iweke sehemu ya baridi, hata kwenye friji usiku mmoja sawa tu.

Harufu utaisikia siku za mwanzo, nzito kidogo, usiogope. Iache kwenye rafu yenye hewa wiki 4 mpaka 6 na itapungua mpaka usiisikie. Kuoza haiozi kama kipimo cha kostiki kilikuwa sahihi, mana mafuta ya kiini yanakuwa yameshageuka sabuni, na sabuni yenyewe ni kali kiasi kwamba bakteria wa kuozesha hawaipendi.

Kitu kimoja naomba kwa wanaouza: msiwaambie watu eti yai linalisha ngozi protini au linaondoa makunyanzi. Kostiki inabadilisha sehemu kubwa ya kilichokuwa kwenye yai, kinachobaki ni sabuni laini yenye povu zuri na hiyo peke yake inatosha kuuzika. Na andika YAI kwenye karatasi ya kufungia, kwa herufi kubwa, kuna watu wana aleji ya mayai na hawawezi kujua kwa kuangalia tu.

Na glavu na miwani ya kukinga macho najua unavaa, ila nakumbusha, kostiki ndo inamwagwa kwenye maji, kamwe sio maji kwenye kostiki, na sufuria ya alumini isisogee hapo kabisa.

Swali: Dada mimi naogopa kostiki kwaiyo nikanunua sabuni iliyo tayari, nikaiyeyusha, nikachanganya na kiini nikagandisha upya. Siku ya tano inanuka na juu ina utelezi.

Jibu: Itupe mpenzi, usiogee wala usimpe mtu. Kwenye sabuni iliyo tayari kostiki ilishamaliza kazi yake zamani, kwaiyo kiini chako hakijageuka kitu, kimebaki yai bichi ndani ya sabuni, na yai bichi nje ya friji linaharibika. Kwa sabuni ya kuyeyusha weka rangi na manukato, basi, vitu vya jikoni hapana.

Swali: Je maganda ya mayai yanafaa kusugulia?

Jibu: Yanafaa kwa miguu, sio uso. Yachemshe, toa ule utando wa ndani, yakaushe, saga mpaka yawe laini kama unga alafu chekecha, mana kipande kimoja kikubwa kinachana ngozi. Kijiko kimoja cha chakula kwa mafuta ya gramu 500, kiweke mwisho kabla ya kumwaga.